Akaunti ya Biashara Imefungwa: Anza na Barua Pepe na Laini

Kwa wewe uliyekabidhiwa juzijuzi kurasa za duka, saluni au hoteli ya mtu mwingine: siku moja utaandika neno la siri ulilolizoea na mlango utagoma. Bosi atapiga simu mara tatu ndani ya dakika kumi, wateja watauliza oda zao zimefika wapi, na vidole vitakuwasha kubonyeza kila kitufe unachokiona. Tulia kwanza. Makosa yanayofanya akaunti isirudi tena hufanyika saa ile ya kwanza, na mengi hufanywa na mwenye akaunti mwenyewe.

Piga skrinishoti ya maandishi yanayoonekana, saa na tarehe vionekane. Kisha yasome neno kwa neno, maana watu wakisema "imefungwa" huwa wanazungumzia mambo manne tofauti. Huenda umesahau neno la siri au simu imepotea, na akaunti yenyewe ni nzima. Huenda mfumo umekuzuia kwa muda kwa sababu umeona uingiaji usio wa kawaida, mathalani akaunti inayofunguliwa Dar es Salaam kila siku imefunguliwa ghafla Mwanza kwa simu mpya. Huenda imesimamishwa kwa madai ya kuvunja kanuni. Au imetekwa: mtu ameingia na kubadilisha barua pepe, namba ya simu na neno la siri.

Dalili zake si ngumu kuzitofautisha. Ukiomba neno jipya la siri halafu mfumo ukasema umetuma ujumbe kwenye anwani inayoanza na herufi usiyoijua, umetekwa. Ukiona maelezo ya kanuni iliyovunjwa na kitufe cha kukata rufaa, umesimamishwa, na kubadilisha neno la siri hata mara ishirini hakutasaidia. Ukiombwa tu namba ya uthibitisho, umezuiwa kwa muda. Anayekata rufaa ya kusimamishwa wakati ametekwa anajibu swali ambalo hakuulizwa, na siku zinapita bure.

Kabla ya akaunti, funga mlango wa nyuma

Hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii hukosea. Wanapambana na Instagram au Facebook wakati mwizi amekaa kwenye barua pepe yao. Kila utakachorudisha atakichukua tena, kwa sababu ujumbe wa kurejesha akaunti unamfikia yeye pia, pengine kabla yako.

Fungua Gmail kwa kompyuta. Angalia orodha ya vifaa vilivyoingia na uondoe usivyovijua, badilisha neno la siri, hakikisha namba na barua pepe za akiba ni zenu. Kisha ingia kwenye mipangilio uangalie sehemu mbili ambazo watu huzisahau: vichujio, na usambazaji wa barua kwenda anwani nyingine. Mtekaji mzoefu huweka kichujio kinachopeleka kila barua ya Instagram kwenye pipa la taka, au hujitumia nakala ya kila kinachoingia. Neno la siri litabadilika, lakini kichujio kitabaki kikimfanyia kazi.

Kama Gmail yenyewe imepotea, anza na g.co/recover. Tumia simu au kompyuta iliyozoeleka, mahali palepale ilipotumika siku zote, na ikiwezekana kwa intaneti ileile. Google hupima vitu hivyo, kwa hiyo kukimbilia intaneti kafe au kuazima simu ya jirani kunakuumiza. Ukiulizwa neno la siri la mwisho unalokumbuka, weka hata la zamani. Mtekaji akibadilisha namba ya akiba, Google inaweza kuendelea kuikubali ile ya zamani kwa siku 7. Ndiyo maana wiki ya kwanza ina thamani kubwa.

Halafu laini. Namba iliyounganishwa na akaunti imesajiliwa kwa jina la nani? Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kwa hiyo ikipotea, anayeweza kuirudisha kwenye duka la mtandao wa simu ni aliyeisajili. Kama ni kijana aliyeacha kazi mwaka juzi, biashara inategemea hisani yake. Mwenye biashara apige *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya biashara ikikosekana pale, lishughulikieni suala hilo kabla ya tatizo kutokea. Laini iliyoachwa kabatini bila matumizi nayo ni hatari: hufungwa, kisha huuzwa upya, na mnunuzi mpya anaanza kupokea namba zenu za uthibitisho bila hata kujua ni za nini.

Simu ikipoteza mtandao ghafla kwa muda mrefu wakati wenzako wa mtandao uleule wako hewani, usidhani ni mnara tu. Mtu anaweza kuwa amerudishiwa laini yako kwa udanganyifu. Nenda duka la mtandao ukiwa na kitambulisho; hilo linatangulia mengine yote.

Kitu kidogo kinachowatoa watu jasho: programu ya namba za uthibitisho (kama Google Authenticator) hubadilisha tarakimu sita kila sekunde 30 kwa kufuata saa ya simu. Saa ikiwa mbele au nyuma kwa dakika chache, kila namba itakataliwa na utaamini umedukuliwa. Weka saa ijirekebishe yenyewe, kisha jaribu tena.

Instagram iliyotekwa

Kwanza ulizia kama kuna kifaa chochote ambacho akaunti bado iko wazi: simu ya zamani ya dukani, tableti ya mwenye biashara, kompyuta ya aliyekuwa akitengeneza matangazo. Ukikipata, usitoke kwenye akaunti kwa sababu yoyote ile. Ndani ya mipangilio ya usalama kuna orodha ya barua pepe ambazo Instagram imetuma kwa siku 14 zilizopita. Barua isiyokuwemo humo, hata iwe na nembo nzuri kiasi gani, ichukulie kuwa ya tapeli.

Kisha pekua kikasha cha barua pepe, pamoja na taka na barua zilizofutwa, ukitafuta ujumbe kutoka security@mail.instagram.com. Barua pepe ya akaunti inapobadilishwa, taarifa hutumwa kwenye ile ya zamani ikiwa na kiungo cha kukanusha mabadiliko hayo. Kiungo hicho ndiyo njia fupi kuliko zote. Soma anwani ya mtumaji herufi kwa herufi kabla ya kubonyeza.

Kama hakipo au hakifanyi kazi, fungua instagram.com/hacked kwa simu uliyozoea kutumia na ufuate maswali. Utahitaji jina la akaunti, na watekaji hupenda kulibadilisha. Tafuta kiungo cha picha ya zamani mliyowahi kumtumia mteja kwa WhatsApp; anwani ya picha haibadiliki, na ukiifungua utaona jina jipya. Utaombwa barua pepe ya kuwasiliana nawe: toa ambayo ni wewe tu unayeifikia, si ile iliyotekwa.

Baada ya hapo uthibitisho huenda kwa njia mbili. Akaunti yenye picha za mhusika huombwa video fupi ya uso, ukigeuza kichwa kulia na kushoto kama unavyoelekezwa. Jirekodi mkabala na dirisha lenye mwanga, bila kofia wala miwani ya jua. Anayejirekodi ni yule anayeonekana kwenye picha za akaunti, si wewe mwajiriwa. Lakini duka la vitenge lina picha za vitenge, na video haina uso wa kulinganishwa nao. Kwa akaunti za namna hiyo huulizwa barua pepe au namba iliyotumika kuifungua mara ya kwanza, na aina ya kifaa: Android, iPhone au iPad. Swali linaonekana rahisi mpaka ugundue kwamba akaunti ilifunguliwa miaka sita iliyopita na mpwa wa bosi. Muulize leo, andika jibu, litunze.

Kila ukiomba namba mpya ya uthibitisho, ile ya kabla yake hufa. Watu huomba tano mfululizo halafu wanaandika ya pili. Omba moja, isubiri, itumie hiyo. Ukiambiwa umejaribu mara nyingi mno, acha hadi kesho yake.

Iliyosimamishwa

Meta, kampuni yenye Instagram, Facebook na WhatsApp, hutoa siku 180 za kukata rufaa. Zikipita, akaunti huzimwa moja kwa moja. Usitumie muda huo kufungua akaunti mpya tatu na kuacha rufaa ikisubiri. Maelezo yawe mafupi: biashara ni ipi, inauza nini, na kwa nini chapisho linalolalamikiwa halivunji kanuni. Kama kweli lilivunja, sema limetokea na mmelirekebisha. Ukiombwa hati, cheti cha jina la biashara cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) na leseni husaidia pale tu jina lililomo linapofanana na jina la akaunti. "Mama Neema Collection" mtandaoni na "Neema General Supplies" kwenye cheti ni wageni wawili.

Chanzo kimoja cha kufungwa kinasikitisha kwa sababu hakina kosa lolote la kibiashara: tarehe ya kuzaliwa. Mtu anaweka tarehe biashara ilipoanza, tuseme 2019, na mfumo unaona mtoto ambaye hajafikisha miaka 13. Weka tarehe ya kuzaliwa ya mwenye biashara, nayo ilingane na kitambulisho chake.

Ukurasa wa Facebook

Ukurasa hauna neno la siri lake. Huingiwa kupitia akaunti binafsi za wenye udhibiti kamili. Kwa hiyo "ukurasa umetekwa" maana yake akaunti ya mtu fulani imetekwa, na yeye ndiye anayepaswa kuanza facebook.com/hacked. Kama kuna mwingine mwenye udhibiti kamili, aingie dakika hiyohiyo amwondoe aliyetekwa, kabla mtekaji hajamwondoa yeye. Ndiyo sababu tunasisitiza wawe wawili: mwenye biashara na mtu mmoja wa kuaminika. Wakiwa sita, kila mmoja wa wale wanne wa ziada ni dirisha lisilo na nondo.

Na tafadhali, usisimamie ukurasa kwa akaunti binafsi ya jina la kubuni kama "Duka Letu Msimamizi". Siku ikifungwa, Facebook itaomba kitambulisho, na hakuna NIDA wala pasipoti yenye jina hilo.

WhatsApp Business

Hii ndiyo inayorudi upesi zaidi, mradi laini iko mkononi. Isajili namba upya, upokee tarakimu sita kwa meseji au kwa simu, na mtekaji anatolewa papo hapo. Ukiombwa PIN ambayo hukuiweka, ameiweka yeye, na huenda ukasubiri siku 7 ndipo uingie bila PIN. Siku hizo zinauma, lakini naye yuko nje. Ukiingia, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa uondoe vyote, kisha weka PIN yako na barua pepe ya kuirejesha. Kama tatizo ni kufungiwa na si kutekwa, jiulize kama mmekuwa mkitumia GB WhatsApp (toleo lisilo rasmi la WhatsApp) au mkituma tangazo moja kwa mamia ya watu wasio na namba yenu. Rudi kwenye programu halisi, kisha uombe wakuangalie upya.

Wakati haya yote yakiendelea, wajulishe wateja kwa njia nyingine: namba ya pili, bango dukani, kurasa za marafiki. Watekaji wa akaunti za biashara huwa wanataka hela ya oda itumwe kwenye namba mpya. Namba hiyo mkiijua, itumeni kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, na mwende polisi mkiwa na skrinishoti mchukue RB (namba ya taarifa yenu kituoni). Kuingilia akaunti ya mtu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na RB hiyo itawalinda ninyi, mteja aliyetapeliwa atakapokuja dukani kudai mzigo wake.

Utakutana pia na "mafundi" wanaojaza sehemu za maoni wakidai hufungua akaunti yoyote kwa elfu hamsini. Usiwape hata mia. Hawana mlango wa siri ndani ya Meta. Wataomba malipo ya kwanza, kisha ya "kuharakisha", kisha namba yako ya uthibitisho, na hiyo ya mwisho ndiyo waliyoifuata. Meta haikutumii ujumbe wa faragha kukuambia ukurasa utafutwa ndani ya saa 24 kwa haki miliki. Hali halisi ya akaunti utaiona ndani ya programu yenyewe.

Akaunti ikirudi, kazi haijaisha. Ondoa programu za nje zilizounganishwa, toa vifaa vyote nje, chapisha kwenye karatasi namba za akiba, yaani za kuingilia simu ikipotea (Facebook hutoa 10, Instagram 5), na mziweke alipo mwenye biashara, si kwenye picha za simu ileile. Futa machapisho yaliyopangwa kutoka baadaye. Mwisho ingia kwenye akaunti ya matangazo: angalia kama kuna tangazo linaloendelea, mtu asiyejulikana, au kadi mpya. Kadi ya biashara iliyokuwa imeunganishwa izuieni benki, au kwenye menyu ya simu kama ni kadi ya pesa za simu, hata kama bado hakuna makato, kwa sababu tangazo lililowashwa na mtekaji huweza kuendelea kula pesa baada ya yeye kutolewa.