Cheti cha BRELA hakivuki bahari

Unauliza kama jina la viungo vyako ulilolisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania Bara, limelindwa pia Zanzibar. Hapana, halijalindwa Unguja wala Pemba, kwa sababu usajili wa alama za biashara si jambo la Muungano: Bara inafuata sheria yake ya mwaka 1986, ilhali Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008, na maombi yake hupelekwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar, kwa ada na cheti mbali. Nashughulikia maombi ya namna hii, na inaniuma kuona mjasiriamali akigundua jambo hilo baada ya mwingine kumtangulia.

Mchoro wa kikonyo cha karafuu ulio kwenye pakiti ni habari nyingine, kwani hakimiliki huanza pale mchoro unapowekwa kwenye karatasi, hata bila kusajiliwa, na kwa Zanzibar inasimamiwa na COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya huko, chini ya sheria ya mwaka 2003. Hata hivyo, hakimiliki hiyo hailindi jina lenyewe, na ikiwa mchoro ulichorwa na fundi uliyemlipa, hakikisheni mmeandikiana kuwa amekukabidhi haki zake, kisha tunza rasimu za mwanzo zenye tarehe.