Jibu: Mgeni Mholanzi aliyekataa pilau ya mama

Salaam kaka. Nimekuelewa: mfanyakazi mwenzako kutoka Uholanzi alikuja kwenu Kibokoni, akaanza na mambo ya kazi kabla ya kumjulia hali mama, kisha akaletewa pilau akasema "hapana, nimeshiba". Mama amenuna, na Jumapili mgeni anarudi.

Kwanza angalia: kuna mtu aliyemwelekeza? Mimi hupokea wageni wa Ulaya kikazi, na mara nyingi hakuna. Usimzungukie kwa mafumbo. Waholanzi huambiana mambo waziwazi, hatakasirika. Mwambie apige hodi, avue viatu mlangoni, amuulize mama habari za afya na za nyumbani bila haraka. Asitangulize kumpa mkono. Auweke kifuani, mama akitaka atampa mwenyewe.

Chakula ndicho kizito. Mkishanawa, ale kwa mkono wa kulia, upande wake wa sinia, asivuke kufuata nyama iliyo mbele ya mwenzake. Akishiba mapema, amege polepole wengine wamalize. Na hata akija amekula, tonge mbili tatu zitamridhisha mama kabisa.

Mama naye mweleze, maana upande huu wengi huusahau: kwa Waholanzi kukataa chakula si dharau, ila kumwendea mtu nyumbani bila miadi ndiko kukosa adabu. Mkipatana saa saba, mtarajie saa saba hiyohiyo, kwa hivyo jiko liwashwe mapema.