Kabla hujanunua diski ya kompyuta ya nyumbani

Kompyuta yetu ya mezani iko sebuleni. Watoto wanafanyia kazi za shule, mama yao anaandikia hesabu za duka, nami natunza picha. Diski ilipojaa nilikwenda Kariakoo na wazo moja tu kichwani: GB nyingi kwa pesa kidogo. Nikarudi na diski ya mtumba ya TB 1, yaani kama GB 1,000, nusu ya bei ya mpya, roho kwatu.

Miezi saba baadaye ikaanza kugonga. Tik, tik, kimya, tik, halafu skrini inaganda. Wiki hiyohiyo ikafa, na picha za arobaini ya baba zikaenda nayo. Fundi alihangaika siku mbili akaokoa saba. Kwenye moja baba mdogo anaonekana hadi kifuani, kuanzia hapo kwenda chini ni kijivu kitupu.

Kwa hiyo nakuomba, kabla ya kuuliza bei, angalia kwanza unatumia nafasi kiasi gani. Sisi, pamoja na Windows na picha zote, tulikuwa hatujafika GB 150. TB nzima ilikuwa ya nini? Pesa ileile, au ukiongeza kidogo, inakupa SSD (diski inayotunza faili kwenye chipu) mpya ya GB 240 au 256, na hiyo ndiyo ningekushauri ununue. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachohangaika juu yake kutafuta faili. SSD haina kinachozunguka. Kompyuta yetu, RAM (kumbukumbu ya kazi) ileile ya GB 4, ilikuwa inachukua dakika tatu kuwaka. Sasa haifiki nusu dakika.

Ila fungua kasha kwanza uone tundu lililopo. Kompyuta nyingi za zamani zina SATA tu, tundu la waya wa diski za kawaida, kwa hiyo chukua SSD ya inchi 2.5. Zile nyembamba kama ubapa wa pipi, za M.2, hazitaingia. Usijali ikipwaya kwenye nafasi ya diski kubwa. Yetu imeshikwa na skrubu mbili upande mmoja na haina shida.

Kama mfuko unakulazimisha kuchukua mtumba, mwambie muuzaji aichomeke mbele yako na afungue CrystalDiskInfo, programu ya bure. Kisanduku cha afya kikiwa cha njano au chekundu, mrudishie. Kikiwa cha bluu, bado tazama saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 30,000 imewaka zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa. Mimi siigusi, hata nikipunguziwa vipi.

Na zile za nje zinazoandikwa TB 2 kwa bei ya kutupa, nyingi ni feki: kompyuta inakuonyesha TB 2, ndani kuna GB chache. Programu ya H2testw huijaza diski yote kisha huisoma upya, na hapo uongo hujulikana. Inachukua saa nyingi, basi iache ikifanya kazi usiku wa kwanza, risiti ukiwa nayo bado.

Picha zetu sasa ziko sehemu mbili: kwenye SSD, na kwenye diski ya nje iliyo kabatini, chini ya vitenge vya mke wangu. Kila mwisho wa mwezi naitoa, naichomeka, nanakili mpya, nairudisha.