Printa ya nyumbani ikigoma, anzia kwenye printa yenyewe

Mdogo wangu unayeanza ufundi, simu utakayopigiwa mara nyingi ni hii: "Fundi, jana ilikuwa inaprinti vizuri, leo imegoma." Mkono utakimbilia kwenye draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Uzuie.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliitwa nyumbani kwa mwalimu mmoja, Tabata. Alikuwa na mtihani wa kuprinti, na asubuhi watoto wanaufanya. Kompyuta mbili, printa moja, vyote kwenye Wi-Fi ya ruta moja. Nikafuta draiva, nikaiweka upya, nikaifuta tena. Karibu saa tatu zikapita, mwalimu amekaa pembeni ananitazama. Draiva haikuwa na kosa lolote. Umeme ulikatika usiku, na ruta ilipowaka ikagawa upya anwani, yaani namba za kukitambua kila kifaa kwenye mtandao: printa iliyokuwa 192.168.1.5 ikapewa 192.168.1.9, ile 5 ikachukuliwa na simu ya binti yake. Kompyuta zilikuwa zinaupeleka mtihani kwenye simu.

Tangu siku ile naanzia kwenye printa, ndipo naifuata kompyuta. Toa kwanza ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, kwa menyu au kwa kushikilia kitufe. Ukitoka safi, unajua wino na mashine ni vizima, na anwani imeandikwa humo. Ikianza na 169.254, au ikiwa sufuri tupu, usiiguse kompyuta. Printa haijapata anwani kwa ruta. Pengine nenosiri la Wi-Fi limebadilishwa, pengine ruta inatoa Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz peke yake wakati printa nyingi za nyumbani zinashika 2.4 tu.

Anwani ikiwa ya kawaida, nenda kwenye kompyuta, fungua Command Prompt uandike ping na anwani hiyo, uone kama printa inajibu. Isipojibu, angalia kompyuta imeshika mtandao gani. Nimeshaikuta kwenye hotspot ya simu, nimeshaikuta kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta nyingi huifunga ili vifaa visionane.

Ikijibu, fungua sifa za printa kwenye Windows, sehemu ya Ports, ulinganishe anwani iliyopo na ile ya kwenye karatasi. Zikitofautiana, ongeza porti mpya ya TCP/IP (njia ya kuifikia printa kwa mtandao) yenye anwani ya kwenye karatasi. Kisha ingia kwenye ruta, uitengee printa anwani yake kwa namba ya MAC (kitambulisho cha kifaa chenyewe), ili umeme ukatike hata mara kumi irudi na ileile. Mafundi wengi wanairuka hatua hii, mteja anaita tena wiki inayofuata, analipa tena. Hilo linaniuma, kwa sababu ni kazi ya dakika tano.

Kazi zikiganda kwenye foleni, simamisha huduma ya Print Spooler, inayosimamia foleni hiyo, futa mafaili yaliyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (folda yenyewe iache), uiwashe tena. Mwambie mwenye nyumba kwanza, maana kila kilichokuwa kinasubiri kitapotea.

Printa ya waya wa USB iliyosheawa kupitia kompyuta moja ina mambo yake. Kompyuta hiyo ikilala, nyumba nzima imekosa printa, kwa hiyo izuie isilale. Hakikisha pia mtandao wake umewekwa Private. Ukiwa Public, Windows huziba njia ya kushea. Na ukikutana na kosa 0x0000011b, lilienea baada ya masasisho ya usalama ya Windows ya Septemba 2021. Utashauriwa uuzime ulinzi ulioletwa na masasisho hayo kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows. Mimi sifanyi hivyo kwenye kompyuta ya mtu. Nasasisha kompyuta zote mbili, na kama printa ina Wi-Fi naichomoa kwenye USB naiunganisha moja kwa moja na ruta.

Kabla hujaondoka, printi karatasi moja kutoka kila kompyuta na kila simu ya nyumba ile. Halafu andika anwani ya printa kwenye kipande cha selotepu, ukibandike nyuma yake. Kwa yule mwalimu bado kipo, na anwani niliyoitengea printa yake: 192.168.1.50.