Ukaazi wa kudumu Kanada kwa wenye taaluma: pointi zinatafutika, barua ya mwajiri ndiyo itakayokutoa jasho

Mkuu, umesema una shahada moja, miaka sita ya uhasibu, huna mwenza, na IELTS yako, ule mtihani wa Kiingereza, ina 6.5 kwenye kuandika. Unauliza ufungue profaili ya Express Entry (mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye taaluma kwa pointi) sasa hivi, urudie mtihani kwanza, au umlipe yule wakala anayekuahidi barua ya ajira kutoka Kanada. Nilipita njia hiyo hiyo na taaluma hiyo hiyo, na mara ya kwanza niliivuruga kwa mikono yangu mwenyewe.

Nianze na wakala, maana hilo ni fupi. Tangu tarehe 25 Machi 2025 barua ya ajira haikuongezei hata pointi moja kwenye Express Entry. Zamani ilikuwa na 50, na kwa vyeo vya juu kabisa 200, zote zikafutwa. Yapo majimbo yanayoitaka kwenye mipango yao, lakini huko mwajiri anajitokeza mwenyewe, huletewi barua na mtu wa kati. Anayelipwa kukuwakilisha sharti awe na leseni, iwe ya uwakili au ya ushauri wa uhamiaji. Muombe namba yake uihakiki mwenyewe mtandaoni. Akianza kung'aka, jibu umeshalipata. Na akijaza uongo, atakayefungiwa miaka mitano ni wewe, hata kama fomu hukuigusa.

IELTS rudia. Najua 6.5 inaonekana kama umekosa nusu alama tu, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Nilikuwa na 8.0 kusikiliza, 7.5 kusoma, 7.0 kuzungumza na 6.5 kuandika. Kwa vipimo vya lugha vya Kanada, vinavyoitwa CLB, zile tatu ni daraja la 9, na kuandika ni daraja la 8. Kwa asiye na mwenza tofauti hiyo yenyewe ni pointi 8. Mtego uko pembeni: kuna pointi zinazounganisha lugha na elimu, na nyingine zinazounganisha lugha na uzoefu wa kazi nje ya Kanada, na ili uzipate kikamilifu lazima stadi zote nne zifike 9. Kuandika peke yake kulininyang'anya 12 upande wa shahada na 25 upande wa uzoefu. Jumla 45! Nilirudia, nikapata 7.0, nikatoka 373 hadi 418 bila kubadilisha kitu kingine chochote maishani.

Sasa, 418 ni nzuri ya kusimulia lakini haikupi mwaliko wa kuomba ukaazi. Kanada hualika watu kwa raundi, na kila raundi ina kiwango chake cha pointi. Mwaka 2024 raundi za jumla zilikuwa zikidai zaidi ya 520. Umri nao hausubiri: kuanzia 30 hadi 40 kila siku ya kuzaliwa inakukata 5 au 6. Mimi nilijifunza Kifaransa. Karibu mwaka mzima, kila usiku baada ya kazi, hadi nikafika daraja la 7 kwenye stadi zote nne za TEF Canada, mtihani wa Kifaransa. Hapo nikapata 50 za ziada, na 12 za lugha ya pili. Kwa kuwa nilikuwa nimeshatimiza miaka 32 na 5 zimekatwa, nikasimama kwenye 475. Zaidi ya pointi, ukifika hapo unaingia kwenye raundi za wazungumzaji wa Kifaransa, ambazo huwa na kiwango cha chini zaidi. Ile ya tarehe 29 Februari 2024 ilishuka hadi 336. Ndiyo iliyonialika.

Nikashangilia, kisha nikaiua nafasi hiyo.

Ukialikwa una siku 60 za kuwasilisha kila kitu, na mimi barua ya mwajiri wangu ya kuthibitisha kazi niliyofanya (si ile ya ajira ya Kanada) nilikuwa sijaiomba. Nilijiambia ni karatasi moja tu. Wanachotaka ni barua yenye nembo ya kampuni, sahihi na mawasiliano ya aliyeiandika, cheo chako, tarehe ulizoanza na kuacha, saa kwa wiki, mshahara pamoja na marupurupu, na hasa majukumu uliyokuwa ukifanya. Ofisi ya rasilimali watu ikaniandikia kwamba nilikuwa mwaminifu, mchapakazi na mwenye heshima kwa wakubwa zangu. Kama ningekuwa naenda kuposa ningeibusu barua ile. Cheo walichoandika kilikuwa "Ofisa Utawala", ndilo jina la nafasi yangu kwenye mkataba, wakati kazi yangu yote ilikuwa kufunga hesabu na kuandaa taarifa za fedha. Kanada kazi yako hupewa namba (wahasibu ni 11100), na ofisa anayesoma faili anapima majukumu, si jina la cheo. Kwa barua ile mimi sikuwa mhasibu. Niliporudi kuomba majukumu yaandikwe nikaambiwa hawana utaratibu huo. Siku 60 zikaisha.

Na hata kuisha kwenyewe nilikosea. Mwaliko ukiukataa rasmi, profaili yako hurudi kwenye kundi la wanaosubiri. Mimi niliuacha ufe wenyewe, profaili ikafa nao, nikajisajili upya. Katikati nikatimiza 33, pointi 6 zikaenda.

Mara ya pili nilianza na barua kabla ya kugusa kompyuta. Rasilimali watu wakatoa barua fupi ya tarehe, saa na mshahara, kitu ambacho hawakuwa na tatizo nacho. Majukumu akayaandika aliyekuwa bosi wangu wa moja kwa moja, akasaini na kuweka mawasiliano yake. Mimi nikaongeza mikataba, hati za mshahara na maelezo ya ukurasa mmoja kueleza kwa nini barua ni mbili na kwa nini cheo hakifanani na kazi. Ilikubalika. Angalizo: usinakili majukumu neno kwa neno kutoka kwenye orodha yao ya kazi. Wanaijua orodha yao kuliko wewe.

Pesa ya kujikimu: kiwango hubadilishwa kila mwaka, hivyo soma cha mwaka wako. Barua ya benki ionyeshe salio la sasa, wastani wa miezi sita, tarehe ya kufungua akaunti na madeni. Mkopo haukubaliki. Ukipewa na ndugu, awe na maandishi kwamba ni zawadi, na uonyeshe ilikotoka.

Jingine hukuuliza, lakini nimeona likimuumiza mtu. Kama una mtoto mahali popote, hata kama haendi nawe, hata kama mamaye hamuongei, mwandike, na apimwe afya kama wanavyotaka. Mtoto ambaye hukumtaja, kwa kawaida hutaweza kumdhamini baadaye.

Kwa hiyo wiki hii profaili iache. Nenda kwa mwajiri wako wa kwanza, yule ambaye waliokufahamu wanazidi kuondoka. Chuo nacho kiombe kitume matokeo kwa wanaotathmini vyeti. Mimi nilitumia WES, mojawapo ya mashirika yanayotathmini vyeti, na chuo ndicho kilichochelewa, si wao. Kisha jisajili mtihani. Profaili yenyewe ni kazi ya jioni moja. Ukikwama kwenye barua ya majukumu, weka hapa ulivyoiandika, ila futa majina kwanza, nitaipitia.