Mtoto akionewa shuleni, usiingie ofisini kwa hasira kama nilivyoingia mimi

Jumapili usiku nilipata ujumbe wa mama mmoja wa Uyole. "Kaka, habari za jioni. Mwanangu yuko kidato cha kwanza, bweni. Kila akipewa simu ya matroni analia, anataka ahamishwe. Baba yake anasema aache ulegevu, hata yeye aliitwa njuka na amekuwa mtu. Nifanyeje?"

Nimeusoma mara tatu. Kilio cha mtoto nimezoea kukisikia. Kilichonikaa kooni ni yale maneno ya baba.

Mimi nami niliitwa njuka, jina wanalobandikwa wageni wa kidato cha kwanza. Mwaka 1996, shule ya bweni Njombe, enzi hizo Njombe bado ni wilaya ya mkoa wa Iringa. Aliyewahi kulala kule mwezi wa saba anajua: unaamka, nyasi za uwanjani zimeganda nyeupe, maji ya bomba unayaogopa kama moto. Mama aliuza viazi magunia mawili akaninunulia blanketi zito la kahawia. Mwezi wa sita kaka mmoja wa kidato cha tatu akalichukua. Wala hakuiba. Alisimama mbele ya kitanda changu, akasema kwa upole kabisa, "Njuka, hilo blanketi limechoka kukaa na wewe." Nikampa.

Nililala siku tisa na sweta la shule. Siku ya kumi nikaandika karatasi, nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Jina sikuweka. Lakini mwalimu wa nidhamu ndiye aliyekuwa akitufundisha Kiswahili, na mwandiko wangu alikuwa anausahihisha kila wiki. Jumatatu mstarini akaisoma barua yote kwa sauti, akaniita mbele, akamwita na yule kaka, akamchapa. Blanketi nikakabidhiwa mbele ya shule nzima. Watu wakapiga makofi. Naamini hadi leo yule mwalimu anajua alitenda haki.

Usiku nilipotoka prepo, yaani kujisomea darasani, nililikuta limezamishwa kwenye ndoo. Godoro nalo lilikuwa chepechepe. Tangu siku hiyo nikaitwa Mchomaji, yaani anayewachoma wenzake kwa walimu, na jina hilo nilimaliza nalo kidato cha nne. Hakuna mtu wa bweni lile aliyetumia tena sanduku la maoni. Mwisho likawa makazi ya nyigu.

Miaka iliyobaki siisimulii, ilikuwa maharage na vitabu. Isipokuwa jambo moja, na sijawahi kuliandika hapa: nilipofika kidato cha tatu, nami nilikuwa na njuka wangu. Alinifulia, alinichotea maji. Siku moja aliniambia ana homa, nikamjibu kwamba na mimi niliumwa na sikufa. Kwa hiyo huyo baba wa Uyole namfahamu vizuri. Nimewahi kuwa yeye nikiwa na miaka kumi na saba.

Sasa nije kwa binti yangu. Ana kigugumizi, si kikali, ila akiitwa kusoma darasani kinamzidi. Mwaka jana, akiwa kidato cha pili hapa Iringa, wasichana watatu wa bwenini walianza kumwigiza. Kisha wakawa wanamwaga maji yake ya kuoga, kisha wakawakataza wengine kula naye. Alipokuja likizo akatuambia anataka kuacha shule. Akatuambia kwa maandishi.

Shule zilipofunguliwa niliendesha gari hadi kule, nikaingia kwa mkuu wa shule bila hata kusubiri kukaribishwa kiti, nikagonga meza, nikataka wote watatu wafukuzwe. Mkuu akaniuliza taratibu: ilikuwa lini? Wapi? Nani alikuwepo? Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa na sauti tu. Akasema watalifanyia kazi. Jioni hiyo wale wasichana wakaitwa chumba kimoja na binti yangu, wakaambiwa waombane msamaha na washikane mikono. Waombane! Aliyemwagiwa maji naye aombe msamaha. Ndoo yangu ya Njombe ilikuwa imerudi, safari hii nimeibeba mwenyewe hadi bwenini kwa mwanangu.

Aliyetuokoa ni mke wangu. (Mbele za watu huwa nasema "tulifanya". Leo nasema ukweli.) Alikwenda siku ya kutembelea wanafunzi akiwa na daftari, akakaa na mtoto chini ya mkaratusi, wakaandika: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, nani alikuwa karibu. Walipomaliza kurasa mbili jambo likajionyesha lenyewe. Karibu yote yalitokea bafuni, kati ya prepo kwisha na taa kuzimwa, saa ambayo hapakuwa na mtu mzima yeyote upande ule.

Hakwenda kwa mkuu. Alikwenda kwa mwalimu wa malezi. Yule mama, Mungu ambariki, aliwaita wasichana wote wa chumba kile, mmoja mmoja, siku tofauti, hata wasiohusika, ili isijulikane nani kasema nini. Hakumhamisha binti yangu, alimhamisha kinara. Matroni akapangiwa kupita mabafuni kila usiku. Wazazi wa wale watatu wakaitwa. Tena akampa mke wangu tarehe ya kurudi, wiki mbili mbele, na tarehe ilipofika alikuwa na la kueleza: mmoja wa wale watatu naye alikuwa akitumikishwa na dada wa kidato cha nne. Hilo nisingelijua kwa kugonga meza.

Wazazi wenzangu, tuambiane. Sote tunataka shule nzuri. Tunauliza daraja la kwanza walikuwa wangapi, ada inalipwa kwa awamu ngapi. Nani ameuliza bafuni saa nne usiku kuna nani? Nani ameuliza mtoto akitoa taarifa jina lake linakwenda wapi? Uliza siku ya kumpeleka, kabla hujashusha tranka. Uliza kama shule ina Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto na mwalimu wake ni yupi, uonyeshwe kwa sura. Na usidanganyike na fimbo. Kanuni zinaweka ukomo wa viboko vinne, kwa mamlaka ya mkuu wa shule, lakini hata kimoja hakimlindi aliyesema usiku unapoingia.

Shule ikikaa kimya, kuna namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kuna afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye serikali za mitaa, kwa hiyo usiombe radhi kana kwamba unamsumbua mtu. Mtoto akiumizwa mwili, nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mpeleke hospitali. Hapo hakuna kumalizana ofisini.

Na andika. Narudia: andika. Tarehe, saa, mahali.

Yule mama wa Uyole nilimjibu asimhamishe mtoto kwanza, na asimpeleke baba mtu akiwa na hasira. Amenijibu leo asubuhi. Baba ndiye anayekwenda Jumamosi, na ameshanunua kaunta buku, lile daftari nene, la kwaya tatu.

Nimemwambia kwaya moja inatosha.