Mcheri wa bonsai: maua ya mwakani huanza kiangazi hiki

Petali za mwisho zikishadondoka, watu wengi huacha kuuangalia mcheri wao wa bonsai, yaani mti unaolelewa uwe mdogo ndani ya chungu. Wiki iliyopita ulikuwa umewekwa mbele, kila mgeni anausifu na kuupiga picha. Sasa umebaki majani tu, unarudishwa nyuma ya vyungu vingine mpaka mwakani. Nami nilifanya hivyo miaka miwili mfululizo. Mwaka wa kwanza nikapata maua matatu, wa pili sikupata hata moja. Mti ulikuwa mzima, majani tele, rangi nzuri, na ndiyo maana nilichelewa kujua kosa liko wapi.

Kosa lilikuwa mkasi. Nilizoea kupogoa majani yakishapukutika, kwa sababu wakati huo umbo la mti linaonekana vizuri, kila tawi liko wazi. Kumbe mcheri hutunga matumba ya maua kiangazi, miezi mingi kabla ya kuchanua. Majani yanapopukutika, maua yote ya mwaka unaofuata yameshakaa tayari kwenye vitawi. Nilikuwa nayakata kwa mkono wangu na kuyafagia.

Siku hizi napogoa mara tu maua yanapokwisha. Kwanza naondoa maua yaliyonyauka pamoja na vikonyo vyake, ili mti usipoteze nguvu kwa kutengeneza mbegu. Kisha narudisha nyuma matawi ya mwaka uliopita, nikibakiza macho, yaani sehemu za kuchipua, mawili au matatu kwa kila tawi. Baada ya hapo nauacha mti ukue utakavyo kwa wiki kadhaa. Utatoa matawi marefu, umbo litavurugika, na mkono utakuwasha. Vumilia. Matawi hayo machanga ndiyo yatakayobeba matumba, hasa sehemu ya chini karibu na yalikochipukia. Yakishakomaa kidogo katikati ya kiangazi, punguza ncha zilizozidi na uache majani manne au matano ya chini. Kuanzia hapo mkasi upumzike.

Ukitaka kujua kama kazi yako imezaa kitu, kagua matawi majani yakishaanguka. Tumba la ua ni nene na la mviringo, na mara nyingi hukaa mawili au matatu pamoja, yamebanana. Tumba la jani ni jembamba, limechongoka kama ncha ya penseli. Ukishayatofautisha mara moja hutayachanganya tena, na utaweza kujua mapema kama mwaka ujao ni wa maua au wa majani. Na kiangazi, majani yakiwa bado mtini, tazama pia kikonyo cha jani, pale kinapokutana na jani lenyewe. Kuna vivimbe viwili vidogo vyekundu. Mara ya kwanza kuviona nilidhani ni mayai ya wadudu, nikaanza kuvikwangua kwa ukucha. Usivikwangue. Ni tezi za mti wenyewe, hutoa utamu unaowavuta sisimizi.

Maji ndiyo yanayoamua kama matumba yatakaa. Kiangazi kimoja nilisafiri siku tatu wakati wa joto kali, nikaacha mti umwagiliwe jioni tu. Niliporudi majani yalikuwa yamejikunja kingo na udongo umeachana na ukuta wa chungu. Mti ulipona baada ya wiki mbili, lakini sehemu kubwa ya matumba yalikauka na kudondoka nikiyaona. Chungu cha bonsai ni kifupi, hakina akiba. Siku za joto kali mwagilia asubuhi na jioni, tena mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Siku nyingine ingiza kidole kidogo kwenye udongo. Ukisikia unyevu, subiri. Chungu kisikae ndani ya sahani yenye maji, maana mizizi ya mcheri huoza upesi. Ndiyo sababu natumia udongo wa chembe zinazopitisha maji vizuri, akadama (udongo wa mfinyanzi wa chembechembe kutoka Japani) iliyochanganywa na mawe mepesi ya volkano, badala ya udongo wa bustani unaogandamana.

Mbolea sitoi mti ukiwa katika maua. Naanza majani yakishafunguka na kukomaa, na kuanzia katikati ya kiangazi napunguza naitrojeni na kuchagua mbolea yenye fosforasi na potasiamu zaidi. Naitrojeni ikizidi, mti hukimbilia majani na kusahau maua.

Sasa nije kwenye jambo linaloua micheri mingi kuliko wadudu wote. Mcheri si mti wa sebuleni. Wangu wa kwanza niliuweka ndani karibu na dirisha kwa sababu nilitaka kuuona kila siku. Majira ya baridi yalipofika haukupukutisha majani vizuri. Yalibaki yamening'inia, ya manjano, hayaanguki wala hayapati nguvu. Ulipofika wakati wa kuchipua ulitoa majani machache madogo, ukafa kabla kiangazi hakijaisha. Mti huu unahitaji kulala, na unalala kwa baridi: wiki nyingi za hali ya hewa iliyo chini ya nyuzi joto 7 hivi za Selsiasi. Bila hiyo matumba hayaamki sawasawa. Kwa hiyo uishi nje mwaka mzima, kwenye jua la kutosha, na kivuli kidogo cha mchana joto likiwa kali mno.

Kama unaishi mahali ambapo baridi ya namna hiyo haifiki, nakuomba usinunue mcheri. Nasema hivi kwa upendo wa mti wenyewe. Bogonvilia na waridi la jangwani hufinyangwa vizuri kuwa bonsai, hupenda joto, na zitakupa maua ambayo mcheri ungekunyima mpaka kufa kwake.

Baridi nayo ina mpaka wake. Mizizi iliyo kwenye chungu haina ardhi ya kuilinda kama ya mti wa bustanini. Barafu kali ikitarajiwa, nahamishia chungu kwenye banda lisilo na joto la kuongezwa, au nakizika kwenye tuta la bustani mpaka ukingoni. Udongo ubaki na unyevu kidogo hata wakati huo. Mti uliolala nao hunywa, ila kwa taratibu.

Majeraha ya mcheri ni suala zito. Ukikata tawi kubwa, kidonda hufunga polepole na mara nyingi hutoa ulimbo. Kuna kuvu linaloingia kupitia majeraha mabichi na kusababisha ugonjwa unaofanya majani yawe na mng'ao wa fedha. Tawi lililoshikwa hufa, na mti mdogo unaweza kwisha wote. Kuvu hilo husambaa zaidi kwenye unyevu na ubaridi, kwa hiyo matawi makubwa nayakata kiangazi, siku kavu, kwa mkasi uliosafishwa kwa spiriti, na kidonda nakipaka dawa ya kuziba. Waya nautumia kwa uangalifu uleule. Gome la mcheri, lile lenye mistari ya mlalo na mng'ao wa kupendeza, huchubuka upesi na kovu haliishi. Naukagua kila wiki, na napenda zaidi kulielekeza tawi kwa mkasi.

Kubadilisha udongo nafanya kila baada ya miaka miwili, matumba yanapoanza tu kuvimba, na sikati zaidi ya theluthi moja ya mizizi. Vidukari weusi watakuja, hukaa chini ya majani machanga na kuyakunja. Ukiwahi, wapukute kwa maji yenye nguvu kabla majani hayajajifunga, kwa sababu wakishajificha ndani hata dawa haiwafikii.

Kuhusu kununua nina maneno mawili. Pakiti zinazouzwa kwa jina la mbegu za bonsai zina mbegu za mti wa kawaida, na mcheri wa mbegu utakuchukua miaka mingi kabla hujaona ua. Pia majani ya bonsai hupungua ukubwa kwa malezi lakini maua hayapungui, kwa hiyo chagua aina yenye maua madogo tangu asili. Mimi ninao mcheri wa Kijapani uitwao Prunus incisa, wa aina ya Kojo-no-mai, wenye majani madogo na vitawi vinavyopindapinda vyenyewe. Micheri mingi huunganishwa juu ya shina la mti mwingine, basi kabla ya kulipa angalia chini ya shina. Uvimbe mbaya wa maungio hautatoweka kwa umri.

Maua yakichanua, mwagilia udongo pekee na uyaepushe na mvua, kwani petali zikilowa hupata madoa na kudondoka mapema. Usiku wa barafu nausogeza mti chini ya paa. Ukifanya hivyo utapata siku saba, pengine kumi. Ninapoandika haya, wangu umebakiza maua sita upande wa kivuli, na mkasi nimeshausafisha.